Unga wa Mwanga na Uso wa Jizo

Jumamosi, 17 Agosti

Jana tumezisindikiza roho za marehemu waliotutembelea, kwa mioto ya milimani ya kila Agosti. Nyumba imetulia. Nilidhani nitapata siku mbili tatu za kupumua. Sikumaliza hata supu ya asubuhi.

Mama mkwe ameweka bakuli chini, akafuta midomo, akasema magoti yake hayapandi tena ngazi za ghala. Duka la rangi la Kuzukawa litapata mmiliki mpya mwaka huu. Atakayempaka Jizo uso ndiye huyo. Kisha akaomba aongezewe wali.

Naandika yote hapa nisije kusema baadaye kwamba sikuelewa. Jizo wetu ni wa jiwe, mlinzi wa watoto, anakaa kwenye kibanda chake mwanzoni mwa kichochoro. Kila Agosti, kabla ya sikukuu ya watoto, anaogeshwa na kupakwa uso upya: unga mweupe wa magamba ya chaza, mdomo mwekundu, nyusi nyeusi. Vichochoro vingine hapa Kyoto humwacha jiwe tupu. Sisi hatuwezi, sisi ndio wenye duka la rangi. Baba mkwe alimpaka maisha yake yote mpaka alipofariki mwaka jana. Mkono unaompaka Jizo ndio mkono wa duka. Hilo hata paka wa muuza tofu analijua.

Mimi niliingia nyumba hii kwa ndoa. Jina langu la Odagiri nililiacha mlangoni pamoja na viatu. Rafiki zangu waliuliza, Tokuji, umeoa au umeolewa? Nikawajibu nimepata duka. Sasa duka lenyewe linaelekea kwa Kiyonori.

Kiyonori ni mpwa wa Mama. Kasomea uchoraji. Mkono wake hautetemeki. Ananiita shemeji kwa sauti ya mtu anayemfukuza kuku jikoni.

Jioni nimejizoeza kuchora uso juu ya tikiti maji. Mke wangu Mitsuyo ameuliza huyu ni nani anayeumwa jino. Tumelila. Nimekwisha.

Jumapili, 18 Agosti

Sijaisha. Nina wazo.

Nyuma ya ghala kuna mkebe wa unga ambao mchuuzi mmoja alituachia zamani kama sampuli. Unga unaong'aa gizani, kama ule wa mishale ya saa. Baba mkwe aliutazama akasema si rangi, ni mchezo. Mchuuzi alieleza mengi kuhusu namna ya kuutumia. Sikumbuki hata moja. Mimi wachuuzi huwatazama viatu.

Nimemimina kidogo kwenye sahani, nikaianika kibarazani kando ya nguo, kisha nikakimbia nayo mpaka kwenye kabati la magodoro na kujifungia. Sikuamini. Kijani, kama limau changa lililomeza taa. Nimeona vidole vya miguu yangu. Unga huu unakula mwanga na kuutema polepole. Dakika za kwanza unautema kwa fujo, baadaye unakuwa kama mtu anayekumbuka jambo. Lakini hauzimi.

Nimerudia mara nyingi. Taa ya njano ya chumbani haiushibishi. Taa nyekundu ya kibao cha baa ya jirani ni kama kuulisha maji matupu. Jua ndilo chakula chake, na taa zenye ubluu.

Mitsuyo amefungua kabati na kunikuta nimejikunja juu ya magodoro nimekumbatia sahani. Hakushangaa, na hilo limeniuma. Ameuliza kama nitatoka kula tambi baridi au aniletee humu humu.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimempelekea Mama wazo langu. Jizo atakayewaka giza likiingia. Watoto watafurahi, kichochoro kitasifika, magazeti yatakuja.

Mama amesema Jizo amekaa pale tangu babu wa babu zake bila kuwaka, na hakuna aliyewahi kumgonga.

Kiyonori alikuwa anapanga brashi. Ameuliza kwa upole kama shemeji anataka watoto waombee alama ya barabarani. Mama amecheka. Huyu mama hakucheka harusini kwangu.

Nimeng'ang'ania. Nimetaja jina la marehemu mara kadhaa kwa sauti ya huzuni. Mwishowe Mama amekubali tushindane. Kila mmoja apake kigae cha paa. Jumatano tutaviangalia ghalani, cha Kiyonori mwangani na changu gizani. Mitsuyo kaniambia faraghani kwamba Mama amekubali ili ninyamaze. Sawa. Wengine wamepata falme kwa njia hiyo.

Jumanne, 20 Agosti

Siku ya kazi ya kweli. Mgongo hauna hali.

Nimeona aibu ya ule unga. Mkwaruzo kama mchanga wa mtoni. Katika nyumba ya Kuzukawa rangi hupimwa kwa ulaini. Jiwe la bluu tunalisaga mpaka liwe laini kama pumzi, na unga wa chaza tunausaga mpaka mteja anong'one. Mkwaruzo ni wa rangi za kupaka uzio. Kwa hiyo nimeketi na kinu cha kauri tangu asubuhi, nikasaga kama nilivyofundishwa na marehemu. Mchana ulikuwa laini. Jioni ulikuwa hariri.

Nikayeyusha gundi ya ngozi katika maji ya moto, nikachanganya, nikakoroga kwa kijiko cha chuma kwa sababu Kiyonori kaficha vile vya mianzi. Nikapaka kigae. Uso umetoka vizuri kiasi. Anaonekana anaumwa jino moja tu.

Mchanganyiko uliobaki nimeuacha kinuni.

Jumatano, 21 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye kinu. Mchanganyiko umeganda kama keki ya wali ya mwaka mpya, na mchi umesimama wima katikati. Nimeuvuta nao umeinuka na kinu kizima. Kilikuwa kinu cha babu wa Mama.

Baadaye ghalani. Kigae cha Kiyonori kwanza, chini ya taa. Uso mtulivu, mashavu kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Mama amekisogelea mpaka pua ikakaribia kukigusa, na kwake hiyo ni hotuba. Kisha zamu yangu. Kigae changu nilikuwa nimekianika juani asubuhi nzima. Nimefunga milango, nikaziba nyufa, nikazima taa.

Giza.

Tumekaa. Nimewaambia macho yanahitaji muda kuzoea. Tumekaa tena. Kiyonori kakohoa. Mbu wamefika. Mama ameuliza, kwa adabu kabisa, tunasubiri nini. Mitsuyo amejibu kwamba tunamsubiri Tokuji akate tamaa, na si mtu wa kukata tamaa mapema, kwa hiyo mama akae vizuri.

Kiyonori atampaka Jizo. Imeamuliwa, na ni kwa sababu ya uso wake, si kwa giza langu tu.

Nimepiga simu kwa watu wanaouza ule unga. Mwanamke mwenye sauti ya subira kanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza niliusaga? Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikasema sisi ni Kuzukawa, tunasaga kila kitu. Akaeleza kwamba kila chembe ni kito kidogo, na mwanga unakaa ndani yake. Ukikivunja umevunja taa. Akauliza nilichanganya na maji? Nikasema maji ya moto. Akavuta pumzi. Maji yanaula unga wa namna ile. Lazima uwe ndani ya vanishi ya mafuta isiyo na maji, tena juu ya rangi nyeupe ili mwanga usipotelee jiweni. Na chuma hakikuugusa, maana kinautia weusi? Sikumjibu kuhusu chuma. Akaniomba radhi. Sijui kwa niaba ya nani.

Nimeagiza mwingine. Utafika kesho.

Alhamisi, 22 Agosti

Umefika. Mkebe mzito kwa ukubwa wake. Ndugu wa mawe huu, si wa unga.

Nimefikiri hivi. Kiyonori atapaka uso mweupe kesho asubuhi. Mweupe ndio niliohitaji. Juu yake nitapitisha vanishi yangu yenye chembe. Mchana haitaonekana, unga wenyewe umepauka kama maziwa. Jumamosi jioni, kwenye sikukuu, watoto watakaa mbele ya kibanda, taa za karatasi zitazimika kwa bahati mbaya, na Jizo atawaka. Watasema muujiza. Nitawaacha waseme kidogo. Kisha nitasimama na kueleza kwa unyenyekevu muujiza ni wa nani. Mama atasahau uso na kukumbuka nuru.

Nimefanya kosa la kuwaza kwa sauti. Mitsuyo kasema nikimgusa Jizo anarudi kwao. Kisha akakumbuka hapa ndipo kwao. Akasema basi atakayekwenda ni wewe.

Nimelala chumba kimoja na mkebe.

Ijumaa, 23 Agosti

Kiyonori amempaka asubuhi, kichochoro kizima kimesimama. Mabibi wamenyoosha shingo kama wanaangalia mtoto akizaliwa. Bi Shinobu wa saluni ya kucha amelia. Kiyonori ameinama, kakusanya brashi zake, kapita karibu nami na kunong'ona: shemeji, lako lilikuwa giza la aina yake.

Mchana joto la Kyoto likamlaza kila mtu. Hata panya walilala. Nikatoka na kikombe na brashi.

Jambo la kwanza. Vanishi ilipogusa ule weupe wa chaza, weupe ukanywa na kutoweka. Kweli tupu. Unga wa chaza ukilowa mafuta unakuwa kama karatasi iliyoangukiwa na tempura ya mafuta mengi, unaona mpaka upande wa pili. Paji la uso la Jizo limekuwa la kijivu. Nilipaswa kulijua. Nauza unga huo kila siku.

La pili. Nikaharakisha ili nifunike kijivu. Sikukumbuka kukoroga. Chembe ni nzito, zimezama chini ya kikombe. Kwa hiyo paji limepata vanishi tupu, mashavu yamepata kidogo, na nilipofika kidevuni ndipo nikauchota unga wote kama uji. Nikapaka. Uliobaki kwenye brashi nikaufutia kwenye mashimo ya macho. Nikaona mlango wa muuza tofu unafunguka, nikakimbia.

Jioni Mama kapita pale. Kasema Jizo anaonekana mgonjwa. Kiyonori kaenda kuangalia na kurudi mweupe kuliko kazi yake. Kajilaumu. Kasema labda gundi imeoza kwa joto. Akajaribu kuongeza weupe, nao ukakataa kushika, ukawa matone kama maji juu ya jani la gimbi. Amekaa kizingitini na kichwa mikononi. Nimempelekea chai ya shayiri, nikampigapiga begani, nikamwambia kila fundi ana siku yake mbaya.

Sikuona haya. Naliandika kama lilivyo. Niliona njaa.

Jumamosi, 24 Agosti

Shida ya mwisho ilikuwa chakula cha unga. Kibanda kinatazama kaskazini, jua halifiki. Taa za karatasi ni za njano. Nikakumbuka ubluu. Nikaenda kwa Bi Shinobu kuazima ile taa yake ya kukaushia rangi za kucha. Kauliza ya nini. Nikamwambia Mitsuyo anataka kujipamba. Kafurahi, kanipa na chupa ya rangi ya waridi.

Alasiri nikaificha taa nyuma ya maua ya kibandani, nikaishikilia usoni kwa Jizo mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha nikaiondoa na kwenda kushika waya wa taa za karatasi. Nilijitolea kuwa mtu wa umeme. Hakuna mwingine aliyeomba.

Jua likazama nyuma ya mapaa. Watoto wamekaa duara mkekani chini ya turubai, wanazungusha ile tasbihi ndefu mkono kwa mkono, Mtawa Ekai wa hekalu letu anaimba sala na kugonga kengele. Peremende zimepangwa. Mama yuko mbele kabisa. Nikavuta waya.

Jizo hakuwaka.

Taya la Jizo liliwaka. Taya peke yake, kubwa, kijani, limening'inia hewani bila kichwa. Juu yake matundu mawili ya macho, nayo ya kijani. Ule mdomo mwekundu wa Kiyonori haukutoa mwanga, kwa hiyo katikati ya taya palikuwa na shimo jeusi. Lilionekana linakaribia kusema kitu.

Aliyeanza ni mtoto mchanga wa muuza tofu. Wengine wakamfuata. Tasbihi ikavutwa huku na huku ikakatika, shanga zikatawanyika mtaroni. Mtawa Ekai aliacha sala katikati. Huyu mtu aliwahi kuendelea na sala huku kimbunga kikimng'olea paa. Bi kizee mmoja akaomba msamaha kwa sauti kwa jambo alilomtendea dada yake zamani sana, na sote sasa tunalijua.

Katikati ya kelele nilisikia sauti moja tulivu. Mitsuyo. Alikuwa amepiga magoti mkekani, anawakusanya watoto mmoja mmoja kwa kuwagusa vichwa, anawaambia Jizo amekula peremende nyingi tu, tazameni, hata meno hayaonekani. Wawili watatu wakacheka. Wengine wakaacha kulia ili wasikie wanaocheka.

Mama akasema taa. Hakupaza sauti. Nikachomeka waya.

Akauliza ni nani. Nikasema, nikimtazama Kiyonori kwa masikitiko, kwamba aliyempaka Jizo sote tulimwona jana kwa macho yetu. Yule kijana aliinamisha kichwa. Alikuwa tayari kulibeba.

Mama akaniambia nizime tena.

Nikazima. Hapo nikagundua kwamba wote hawamtazami Jizo. Wananitazama mimi. Nilitazama chini. Vidole vyangu vyote vilikuwa vinawaka. Vanishi ya jana haikuwa imetoka, na mikono yangu ilishinda alasiri nzima ndani ya taa ya Bi Shinobu. Mitsuyo ananiambia hata pua ilikuwa na alama, pale nilipojikuna.

Bi Shinobu akasema gizani, basi hizo ndizo kucha za Mitsuyo.

Jumapili, 25 Agosti

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza. Mama amekunywa chai, ameniangalia kama mtu anayeangalia mvua, akasema, Tokuji, mwanangu, kaa chini. Akiniita mwanangu nimekufa.

Kasema hivi. Kiyonori ana mkono mzuri, lakini juzi mambo yalipoharibika alikaa kizingitini, na jana akainamisha kichwa. Mimi sina mkono, na kuhusu mengine angependa asiseme mbele ya picha ya marehemu. Duka si uso wa Jizo, alikosea mwenyewe kulipima hivyo. Jana katika giza lile mtu mmoja tu alijua la kufanya. Duka ni la Mitsuyo. Jambo hili lingekuwa wazi tangu zamani kama watu wa nyumba hii wasingekuwa na mazoea ya kutafuta mwanamume.

Mitsuyo hakutabasamu. Kauliza funguo za ghala ziko wapi. Nilikuwa nazo mimi. Nimezitoa mfukoni na kuzisukuma juu ya mkeka. Zilikuwa nzito kuliko mkebe. Nimezibeba miaka yote hiyo nikidhani ninazizoea.

Nimemuuliza baadaye, tukiwa wawili, mimi sasa ni nani. Kasema mimi ni mume wa mwenye duka. Nikasema zamani nilikuwa mkwe wa mwenye duka. Kasema basi umepanda cheo.

Kisha nikatoka kuomba radhi nyumba kwa nyumba, sanduku la keki za maharage mikononi, kuinama kila mlango. Muuza tofu kapokea sanduku bila kunikaribisha. Bi Shinobu kaniuliza kama Mitsuyo alipenda ile rangi ya waridi. Mtawa Ekai kanikaribisha chai. Kasema tangu jana watoto watano wamekwenda kuomba Jizo aachwe vilevile, lakini wazazi wao hawakubali. Kiyonori alikuwa kibandani, anamsugua Jizo kwa tapentaini. Nimeinama mbele yake pia. Kasogea akanipa brashi ya pili. Tumesugua pamoja. Hakuniita shemeji. Nimekosa hata hilo.

Nimerudi nyumbani na kulala chali. Nina umri huu, sina jina langu, sina duka, na kichochoro kizima kinajua rangi ya pua yangu. Sijawahi kufika chini namna hii.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimeamka nikiwa na akili safi.

Jana pale kwa Mtawa Ekai nilipita makaburini. Chini ya ile mierezi ni giza hata saa kumi alasiri. Wazee wanashika mawe kwa mikono, wanasoma majina kwa vidole. Jiwe la baba mkwe liko pembeni kabisa, Mama hulitafuta kwa shida. Mwezi ujao, siku za usiku na mchana kulingana, watu wakizuru makaburi, atakwenda kama ilivyo desturi, jioni, joto likishapungua.

Mkebe una zaidi ya nusu.

Fikiria. Mjane amekuja na ubani na maua. Giza limeingia. Mara, jina la mumewe linawaka mbele yake, herufi kwa herufi, kijani, katikati ya makaburi. Ni moyo gani wa mama mkwe hautalainika? Ataomba funguo zirudi kwangu hapohapo.

Kosa la Jizo lilikuwa kwamba watu wengi mno walihusika. Safari hii sitamwambia mtu. Nataka akute mwenyewe, akiwa peke yake.